Daktari wa Malkia wa Kivuli

Siku Sharubati alipokutana na bahati yake, bahati hiyo ilikuwa imewekwa nje ya mlango wa ofisi iliyofilisika, kati ya kiti kilichovunjika mguu na feni isiyozunguka. Ilikuwa ndani ya chungu cha plastiki, na ilikuwa nyeusi.

Sharubati halikuwa jina alilopewa na wazazi wake. Watu wa mjini walimwita hivyo kwa sababu maneno yake yalikuwa matamu na baridi, na yakiisha ulibaki na kiu ileile na mfuko mwepesi. Alikuwa mwanamume wa makamo, mwembamba, mwenye masharubu yaliyochongwa kwa uangalifu na shati jeupe alilolipiga pasi mwenyewe kila asubuhi, maana aliamini kwamba tapeli mwenye shati lililokunjamana ni mwizi tu. Asubuhi ile hakuwa na kazi, kama kawaida, na hakuwa na mpango, jambo ambalo halikuwa la kawaida hata kidogo. Alikuwa anapita mtaa wa maofisi akitazama wapakiaji wakitoa meza na makabati ya kampuni ya bima ambayo wenyewe walikuwa wamekimbia zamani.

Akauona ule mmea. Mashina yake yalikuwa manene, yamesimama wima, na kila shina limepangiwa majani huku na huku kama vifungo vya koti. Majani yalikuwa meusi tii, yanang'aa kama kiatu cha askari siku ya gwaride, isipokuwa pale palipokaa vumbi.

"Mzee wangu, habari za kazi," alimwambia mlinzi aliyekuwa amekalia kreti. "Huu nao unahamia wapi?"

"Jalalani."

"Nani alikuwa anaumwagilia?"

Mlinzi akacheka. "Aumwagilie nani? Toka wenye ofisi walipotoroka, mlango umefungwa, mapazia yamefungwa, maji yamekatwa. Mende wenyewe walihama. Leo nilipoingia nikadhani ni wa plastiki. Nikakata jani moja, likatoa maji! Nikasema, huyu ni shetani au ni mpangaji mzuri."

Mwingine angesikia hayo akamsifu Muumba na kuendelea na safari yake. Sharubati alisimama. Kichwani mwake kulikuwa kumeingia wazo tamu hata akafumba macho kidogo kulionja. Kama upo mmea usiotaka maji, usiotaka jua, usiotaka mbolea wala huruma, basi mtu anaweza kulipwa kuutunza maisha yake yote bila kuutunza.

"Mzee," alisema, sauti yake ikashuka ikawa ya kiofisi, "unajua kwamba utomvu wa mmea huu una sumu? Mbuzi akila pale jalalani, utaulizwa wewe."

Mlinzi akatazama vidole vyake. "Sasa nifanyeje?"

"Bahati yako nimepita. Mimi ni wa kitengo cha mimea ya ndani."

"Kuna kitengo hicho?"

"Kingekuwa hakipo, ningekuwa hapa?"

Mlinzi hakuona kosa katika hoja hiyo. Alimtafutia mkokoteni, akakibeba chungu yeye mwenyewe, na wakati Sharubati anaondoka alimshukuru.

Sharubati alikuwa amepanga chumba cha mwisho wa korido kwa mjane mmoja aliyeitwa Mama Kufuli. Jina hilo alilipata kwa sababu hakuna siri iliyowahi kuingia kinywani mwake ikatoka bure. Alikuwa mwanamke mnene, mtulivu, ambaye mchana kutwa alikaa kwenye ngazi za nyumba yake akichambua mboga, na aliyajua maisha ya wapangaji wake kwa kuhesabu tu waliotoka na waliorudi.

"Huo mti umeuchoma?" aliuliza.

"Mama, huyu ni Malkia wa Kivuli."

"Malkia huyo anafanya kazi gani?"

"Anakaa."

"Basi ni malkia kweli," alisema Mama Kufuli, akarudi kwenye mboga zake.

Hapa ni lazima tumtendee Sharubati haki, maana si wengi waliowahi kumtendea. Alikuwa na jicho. Aliufuta ule mmea jani kwa jani kwa kitambaa chenye unyevu mpaka ukang'aa wote. Akautoa kwenye plastiki na kuuhamishia kwenye chungu cha udongo cheupe kama maziwa. Alipofanya hivyo aliona kwamba chini ya udongo mmea ule ulikuwa na viazi vinene vilivyojaa maji, na akaelewa jinsi ulivyoishi gizani bila msaada. Kisha akausimamisha mbele ya ukuta mweupe, si karibu na dirisha wala mbali nalo, mahali ambapo mwanga unafika ukiwa umechoka. Akarudi nyuma kuutazama. Chumba chote, pamoja na godoro lake lililobonyea katikati, kilionekana kama cha mtu aliyesafiri ng'ambo na kurudi na siri.

"Mimi mwenyewe ningenunua," alinong'ona. Tapeli anapofika hapo, mji haupo salama.

Wa kwanza alikuwa mke wa wakili. Mumewe alikuwa amemnunulia nyumba ghorofa ya kwanza katika jengo zuri, na kabla hawajamaliza kufungua maboksi, jengo refu zaidi likapanda mbele yao likazuia jua. Tangu hapo alikuwa amenunua maua ya kila aina, na yote yalikufa. Vyungu vitupu vilipangwa barazani kama makaburi. Sharubati aliviona vyungu hivyo toka barabarani, akavaa koti jeupe, akabisha hodi.

"Samahani, mama. Nimeelekezwa kwamba hapa ndipo penye sebule yenye kivuli bora kuliko zote mtaani."

Mke wa wakili alitazama nyuma yake, kana kwamba aliyesifiwa ni mtu mwingine. "Kivuli bora? Kila anayeingia hapa ananiambia niwashe taa."

"Hao wamezoea baa, mama. Sebule yako haina giza. Ina heshima."

Alikuwa hajasikia neno zuri kuhusu sebule ile tangu ahamie. Akamkaribisha ndani. Sharubati akasogeza kiti hiki, akaondoa maua ya plastiki, akamweka Malkia kwenye stuli fupi mbele ya kioo kirefu, hata Malkia mmoja akawa wawili. Akavuta pazia kidogo, mwanga mwembamba ukaangukia majani. Mke wa wakili akashika kifua.

"Bei gani?"

"Malkia hauzwi, mama. Anakabidhiwa. Na hawezi kukaa nyumba asiyoipenda. Muache wiki hii, nitakuja kumsikiliza."

Wiki ile mke wa wakili alialika watu ambao kwa kawaida hakuwaalika. Wiki ilipokwisha, Sharubati akaja, akainamia mmea, akasikiliza, akatikisa kichwa kwa kuridhika, kisha akaanza kuubeba.

"Unampeleka wapi?"

"Ana miadi, mama. Kuna mke wa mkandarasi, yule mwenye nyumba ya mageti meusi..."

"Wifi yangu?" Mke wa wakili alisimama. "Unampeleka kwa wifi yangu?"

Sharubati, aliyekuwa ameuliza majirani habari za ukoo huo kwa siku kadhaa, alionyesha mshangao mkubwa.

Mjini kuna ushindani wa biashara, na kuna ushindani wa siasa, lakini ukitaka kuona watu wakipigana kwa adabu, waangalie mawifi wawili wenye sebule. Malkia alikwenda kwa wifi, wifi naye akaalika watu. Baada ya hapo wote wawili walimtaka. Sharubati alikuwa na mmea mmoja tu, na kama angemkabidhi mmoja, angempoteza wa pili.

Jibu lilimwangukia mkononi. Siku moja alipokuwa akifuta majani, moja lilichomoka. Alikuwa karibu kulitupa dirishani, kisha akalitazama. Lilikuwa zito, jeusi, linapendeza. Alichukua chungu kidogo cheupe, akakijaza udongo mkavu, akalichomeka jani katikati, likasimama peke yake kama ulimi wa mtu anayechungulia.

"Hicho nini?" aliuliza Mama Kufuli, aliyekuwa amepita koridoni kwa bahati, kama alivyopita daima kwa bahati.

"Mtoto wa Malkia. Atakua awe kama mama yake."

"Kweli litaota?"

Sharubati alicheka mpaka akaegemea ukuta. "Mama, jani ni jani! Umewahi kuona jani la mchicha likizaa mchicha? Litakaa hivyo, halina haraka ya kukauka. Siku likikauka, mimi nitakuwa mbali."

Mama Kufuli hakucheka. Alilitazama lile jani, akaenda zake.

Basi jani moja likaenda kwa mke wa wakili, jingine kwa wifi yake, na kila mmoja aliambiwa kwa siri kwamba la kwake ndilo lililotoka upande wa moyo. Sharubati hakuuza kitu. Alipokea ada ya malezi tu. Kwa ada hiyo alikuja kila baada ya muda, amevaa koti jeupe, akafuta jani hilo moja kwa kitambaa, akaligeuza kidogo, akatoa masharti. Usimwagilie mpaka udongo ukauke kabisa, na ukikauka, subiri tena. Usiweke juani. Usilichimbe kuangalia chini. Usiliharakishe. Masharti hayo aliyatunga ili jani likifa mwenye nyumba ajilaumu mwenyewe.

Habari zikasambaa. Daktari wa meno akataka la chumba cha wagonjwa kusubiri. Mwenye saluni akataka. Meneja wa benki akataka, ila akaomba lisisemwe. Sharubati akaitwa Daktari, kwanza kwa mzaha, halafu kwa kuzoea, mwisho kwa heshima. Alishona koti la pili.

Mtu mmoja tu ndiye aliyemtia tumbo joto. Alikuwa mwalimu mkuu mstaafu wa shule ya wasichana, mwanamke mrefu, mkavu, ambaye mji mzima ulimwita Bi Mkuu, na nusu ya wanawake wa mji huo bado walificha mikono mgongoni wakizungumza naye.

"Shikamoo, mama," alisema Sharubati, akiweka chungu kwenye meza yake.

"Marahaba. Litaota lini?"

"Likiwa tayari, mama."

"Nimefundisha watoto maisha yangu yote. 'Likiwa tayari' ni jibu la mtu ambaye hakufanya kazi aliyopewa." Alimtazama juu ya miwani. "Nijibu vizuri. Litaota au halitaota?"

Sharubati alijisikia mdogo ghafla. Lakini ulimi wake haukuwahi kumwacha. "Litaota, mama. Chini litafanya kiazi kwanza, hutakiona. Halafu litatoa chipukizi la kijani, kijani kibichi kabisa, usishtuke. Halafu litageuka jeusi kidogokidogo. Nakupa neno langu."

Mambo hayo yote aliyazua palepale, kutokana na viazi alivyoviona na chipukizi ambalo Malkia mwenyewe alikuwa amelitoa juzi. Alidhani anadanganya vizuri sana.

"Neno lako nalichukua," alisema Bi Mkuu. "Ukinidanganya nitakutafuta."

Miezi ikapita. Majani yalikaa vyunguni mwao, mjini kote, meusi na kimya, bila kukua na bila kufa. Hapo ndipo usingizi wa Sharubati ulipoanza kuharibika. Utapeli wa kawaida una mwisho: mtu anagundua, anapiga kelele, wewe unakimbia. Huu haukuwa na mwisho. Watu walizidi kumwamini. Mke wa wakili alianza kumwuliza ushauri kuhusu ndoa yake. Sharubati alikuwa akisikia mtu anaita "Daktari!" nyuma yake barabarani, moyo unaruka, kumbe anasalimiwa. Hakuna kinachochosha tapeli kama heshima.

Halafu siku moja, saa za chai, simu ikalia.

"Daktari," ilisema sauti ya Bi Mkuu, na ilikuwa inatetemeka. "Nimeona kilichomo ndani ya chungu changu."

"Mama, nilisema usichimbe..."

"Sikuchimba. Nimeona kwa macho yangu. Nimewaita wenzangu wote. Wapo hapa. Wakili yupo pia. Sasa tunakuja kwako. Usitoke."

Sharubati alikata simu. Kati ya maneno yote ya dunia, alikuwa ameogopa daima matatu yakikutana: wote, wakili, na usitoke. Alitupa nguo ndani ya begi, akavua koti jeupe akaliacha kitandani, akatokea mlango wa jikoni. Mama Kufuli alikuwa pale akiosha sufuria.

"Unasafiri?"

"Mama yangu, nakuomba. Wanakuja watu. Mwambie kila mmoja sipo."

"Wakiuliza utarudi lini?"

"Sirudi!"

"Wakiuliza kwa nini?"

"Ah! Waambie lolote! Waambie nimekufa!" Akaruka mtaro, akapotea.

Mama Kufuli alifuta mikono. Akaenda chumba cha mwisho wa korido, akamtazama Malkia aliyesimama mbele ya ukuta mweupe. Kisha akajifunga khanga nyeusi, akaketi kwenye ngazi kusubiri wageni.

Tusimfuate sana Sharubati alikokwenda. Alikwenda mbali, mji mwingine, na huko akajaribu kuuza mafuta ya kuotesha nywele. Mnunuzi wa kwanza aliota vipele, na mnunuzi huyo alikuwa bondia. Akajaribu udalali wa viwanja, akakuta vijana wanaouza kiwanja kimoja mara nyingi kuliko alivyoweza kufikiri, tena kwa kompyuta. Akahisi amezeeka. Shati lake likaanza kukunjamana. Baada ya miaka mitatu na ushei, akajiambia kwamba hasira za watu hupoa kama chai, akapanda basi kurudi.

Alishuka karibu na benki, na kitu cha kwanza alichokiona dirishani kilikuwa mmea mweusi. Ulikuwa mrefu kama mtoto wa shule, umejaa, unang'aa, ndani ya chungu cheupe. Akasimama. Akatembea. Kwenye saluni kulikuwa na miwili. Kwa daktari wa meno ulikuwa umefika juu ya kabati. Kwenye baraza la mke wa wakili, pale palipokuwa na makaburi ya vyungu, palikuwa na safu nzima, na katikati ya weusi ule machipukizi mapya ya kijani yalichomoza kama taa ndogo.

Akaelewa. Majani yaliota. Kila alilomwambia Bi Mkuu lilikuwa kweli: kiazi, chipukizi, kijani, weusi. Alikuwa na mgodi mkononi, biashara halali ya kudumu, na aliitoroka kwa sababu alidhani ni uongo.

Alikwenda mbiombio nyumbani kwa Mama Kufuli. Kile chumba cha mbele kilichokuwa stoo sasa kilikuwa duka. Kulikuwa na rafu nyeupe, mimea kila urefu, wateja wawili wakitoka na vyungu vilivyofungwa karatasi. Ukutani, ndani ya fremu ya dhahabu, ilitundikwa picha ya mwanamume mwenye masharubu mazuri na koti jeupe. Chini yake iliandikwa: *Marehemu Daktari. Alituachia kivuli.*

"Tumefunga kwa chakula cha mchana," alisema Mama Kufuli bila kuinua kichwa. Kisha akainua. "Ala. Umekonda."

"Mimi ni marehemu?"

"Wewe si ndiye uliyenituma? Uliniambia niseme umekufa. Mimi sibishani na mpangaji."

"Nilikuwa nakimbia, mama! Walikuja kunikamata!"

"Walikuja na keki," alisema Mama Kufuli. "Jani la Bi Mkuu lilikuwa limetoa chipukizi. Alikuwa analia kwa furaha, yule mama asiyelia. Waliimba toka kona ile. Wakanikuta hapa nimevaa nyeusi." Alipangusa kaunta polepole. "Nikawaambia kaka yangu amefariki ghafla safarini, amezikwa kwetu. Usinione vibaya, keki ilikuwa nzuri, ila hatukuila kwa raha."

"Kaka yako? Kwenu wapi?"

"Hawakuuliza. Wewe mwenyewe hukuwahi kumwambia mtu unatoka wapi. Wakachanga, wakanifariji. Wakauliza nani ataendeleza kazi ya Daktari. Nikasema, kwa kuwa ameniachia mama wa mimea, nitajaribu. Nikakata majani yote niliyoweza. Nilikuwa nimeshajaribu moja zamani, siku ile uliyocheka. Lilikuwa limeota chini ya kitanda changu."

Sharubati alikaa kwenye stuli. Alijaribu kukasirika, lakini ndani yake kulikuwa na fundi aliyekuwa akiikagua kazi ya fundi mwenzake, na hakuona mshono uliolegea popote.

"Natoka sasa hivi," alisema hatimaye. "Nasimama barabarani naita watu. Niko hai. Duka hili ni langu."

"Toka," alisema Mama Kufuli kwa upole. "Wakikuuliza kwa nini ulikimbia siku ya keki, utasemaje? Na wakitaka michango yao ya msiba, nitawaambia tuliipanga wote, mimi na wewe, na wewe ndiye mwenye akili. Watamwamini nani? Mimi nimelia nao msibani. Wewe umetoka kaburini na begi."

Nje mteja alijaribu mlango, akaona umefungwa, akaondoka.

"Sasa mimi niende wapi?" aliuliza Sharubati, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa na sukari.

Mama Kufuli alimtazama. Hakuwa mwanamke katili; alikuwa tu mwanamke mwenye duka. "Marehemu alikuwa na mdogo wake," alisema. "Wanafanana sana. Huyu hana masharubu. Chumba kile cha mwisho kipo, chakula kipo. Atafuta majani, atabeba vyungu. Ila mdogo wake Daktari ni mtu asiyesema. Umenielewa? Hasemi."

Jioni ile Sharubati alinyoa masharubu. Zilikuwa nywele chache tu kwenye beseni, lakini alizitazama kwa muda mrefu.

Kazi aliiweza. Mikono yake ilikumbuka. Aliupa kila mmea ukuta wake na mwanga wake, na wateja wakamwambia Mama Kufuli kwamba yule bubu ana mkono mzuri ingawa uso wake hauna akili kama wa kaka yake. Walisema hivyo mbele yake. Aliinama akafuta.

Kilichomtesa ni sifa. Kila aliyeingia alisimama mbele ya picha na kusema neno. Mwanzoni alifurahi, nani asiyefurahi? Lakini kadiri siku zilivyopita, marehemu alizidi kuwa mwema. Ikasemekana aliwahi kukataa ada ya mjane. Ikasemekana aliwahi kumpatanisha wakili na mkewe, na mke wa wakili alithibitisha. Sharubati akajikuta anamwonea wivu marehemu. Yule alipendwa, alikuwa na masharubu, na hakubeba vyungu.

Siku ya kumbukumbu ya kifo chake walikuja wote: mke wa wakili na wifi yake wameshikana mikono, daktari wa meno, mwenye saluni, meneja wa benki. Viti vilijaa dukani. Sharubati alisimama pembeni na kitambaa chake. Bi Mkuu akainuka, akavua miwani.

"Mimi sikuwahi kumwamini mtu kirahisi," alisema. "Wasichana wangu wanajua. Huyu nilimhoji kama mshtakiwa. Nikamwambia, litaota au halitaota? Akaniambia litafanya kiazi, litatoa kijani, litageuka jeusi. Sikumwamini. Moyoni nilisema, huyu ni laghai. Ikawa hivyohivyo, neno kwa neno. Nilimdhania vibaya mtu mkweli, na amekufa kabla sijamwomba radhi. Nitaishi nalo hilo."

Akakaa, akaficha uso mikononi. Bega lake kavu likatikisika. Sharubati aliliona bega lile, akaingiwa na huruma ambayo hakuwahi kukutana nayo katika kazi yake yote. Mwanamke yule alikuwa anajilaumu bure. Alikuwa sahihi tangu siku ya kwanza, mtu pekee mjini aliyekuwa sahihi, na alikuwa analia kwa sababu hiyo.

"Mama, usilie," alisema.

Vichwa vikageuka. Bubu amesema! Mama Kufuli alikunja uso, lakini alikuwa amechelewa.

"Usilie, mama. Hukukosea. Alikuwa laghai kweli. Hakuamini hata neno moja alilokwambia. Alikuwa anakudanganya."

Bi Mkuu aliinuka. Alitembea hatua zake ndefu katikati ya viti, akasimama mbele yake, akamtazama usoni, karibu sana, kwa namna ambayo Sharubati alidhani sasa ametambuliwa, na karibu afurahi. Kisha akamzaba kofi. Lilisikika mpaka barabarani.

"Hayo," alisema Bi Mkuu, "usiyaseme tena juu ya kaka yako. Hata kama umemwonea wivu maisha yako yote."

"Msameheni," alisema Mama Kufuli akiinuka haraka. "Msiba umemwingia vibaya."

Watu walikubali, maana walimwona. Mke wa wakili alimletea maji. Meneja wa benki alimpigapiga begani akamwambia kuwa mdogo wa mtu mkubwa si kazi rahisi. Bi Mkuu naye, baada ya kupumua, alimshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Mimi nimekusamehe," alisema. "Na wewe mwige angalau kwa hili moja: usiseme jambo usilolijua."

"Ndiyo, mama," alisema Sharubati, shavu likimwaka, akaokota kitambaa chake.